Mkasi wa Dirishani

Mkasi ulikuwa umeshapanuka juu ya picha ya marehemu mume wake pale Pelagia aliposema, "Subiri kwanza, mwanangu."

Binti wa dirisha la bima ya wanajeshi wastaafu akasita. "Bibi, kadi ya marehemu lazima ikatwe, ndiyo nikupe yako ya mjane."

"Naelewa. Ila picha yake nyingine sina."

Wazee waliokuwa kwenye foleni wakageuka kutazama. Mmoja akavua kofia.

"Mimi nahitaji namba tu ikatike," binti akasema kwa sauti ya chini.

"Basi nipe, nikate mwenyewe."

Vidole vyake, vilivyokakamaa kwa kilimo cha tumbaku kule Kigwa, vikaushika mkasi. Akaanzia pembeni, penye namba. Akapita chini ya kidevu polepole, akalizunguka lile sikio la kushoto lililoziba tangu Vita vya Kagera.

Namba ikaanguka mezani. Uso ukabaki kiganjani.

Pelagia akaupuliza taratibu, kama alivyokuwa akimpuliza shingoni kila alipomaliza kumnyoa.