Nyuso Nne za Rangi

"Usikohoe. Na ukiona moshi, panua mbawa," alinong'ona mwimbaji, sauti yake ikikwaruza kama msumeno mbovu.

Mdogo wake alikuwa keshapakwa rangi: uso mweupe, miduara myeusi machoni, wigi kichwani. Kwa miaka ishirini alimshonea kaka yake joho la Bundi, jina lake la jukwaani, akiimba naye huku akitia uzi sindanoni. Leo alilivaa yeye.

"Wakinijua je, kaka?"

"Watakujuaje? Kila mtu hutoka chumbani kwake keshapakwa, wala hatusemeshani mpaka onyesho liishe. Ndiyo mwiko wetu. Lakini atakayekosa onyesho moja, ametoka bendi. Ndiyo sheria yetu. Niokoe, dada."

Bendi ilikuwa imepitia mengi. Ilianza na makelele matupu ya gitaa, ikaja na nyimbo za nusu saa zenye vinanda, halafu suruali za kumetameta na midundo ya disko. Muziki uligeuka kama kinyonga. Nyuso nne hazikugeuka kamwe.

Jukwaani, Umeme wa gitaa alimwinamia kwa adabu kama mgeni. Kivuli wa besi alikanyaga joho lake mwenyewe, nusura aanguke. Radi akaanza kupiga ngoma kabla ya wakati, tena kwa kasi ya kukimbizwa na nyuki. Dada akaifuata kasi hiyo, afanyeje? Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

Moshi ukapanda. Akapanua mbawa. Ukumbi ukalipuka.

Nyimbo za zamani zilitoka mbichi, kila mmoja akimkimbiza mwenzake. Kufikia wimbo wa tatu dada alikuwa anacheka waziwazi, hofu ameisahau.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, meneja alilia machozi. "Wazee wangu! Miaka kumi mmelala. Leo ndiyo nimewaona nyinyi wenyewe!" Akawakumbatia wote, akatoka mbio kuwaita wapiga picha.

Dada akakimbilia mlango wa nyuma. Radi akamdaka mkono.

"Mzee Bundi, nakuomba, usinifukuzie mume wangu," ilisema sauti ya kike. "Mgongo umemkaza tangu asubuhi, hata kuketi hawezi." Akavua wigi, misuko ya mvi ikamwangukia mabegani.

Dada naye akavua yake. Wakatazamana, wakaangua kicheko, kisha wakageuka.

Nyuma yao walisimama Umeme na Kivuli, kila mmoja mkono kichwani, kila mmoja akimsubiri mwenzake avue kwanza.