Mmea Unaopigiwa Hodi

Sheria ni hii: mwenye mmea akiutaja jina mbele ya afisa wa Sajili ya mimea, mmea ni wa Sajili, na kuuchuma uani kwako ni wizi. Mwarobaini wetu uliondoka hivyo. Mkono ulioandika siku ile sijausahau, na ndio huohuo uliogonga mlango wetu Jumanne.

Afisa Kilindo alifungua kitabu cha kale cha dawa, chenye picha za mimea na maandishi yasiyosomeka, akaweka kidole kwenye picha moja.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri. Huu unaujua?"

"Marahaba. Macho mabovu, baba. Mie naona gugu tu."

Mama aliuona vizuri. Ulikuwa nyuma ya jiko letu, na pumu ya baba haikuwa na dawa nyingine.

Kilindo akacheka, akaketi barazani. "Nina siku nzima."

Saa saba mchana baba akabanwa. Tulimsikia ndani akivuta pumzi kwa shida.

Mama alifundishwa na bibi yake kwamba jani halichumwi kimya. Unaupigia mmea hodi, unautaja jina, unaomba. La sivyo unachuma majani matupu yasiyoponya. Hakuwahi kuacha hata siku moja.

"Kachume, mama," Kilindo alisema, akimfuata na kinasa sauti. "Salamu si kosa."

Wezi wana adabu, nyie!

Mama alisimama mbele ya mmea. Kisha akachuma bila neno.

Baba alikunywa. Tukaketi tukikitazama kifua chake, na pale mlangoni Kilindo hakukizima kinasa sauti.