Kiota cha Kuposea

Palikuwa na Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, lakini kukosolewa kulimshinda. Alipomaliza kiota cha kuposea, jirani yake Njiwa alikitazama akasema, "Kizuri mno." Mnana akavimba kifua.

Akaja mchumba wake. Akaingia ndani, akarukaruka, akachomoa unyasi mmoja. "Hapa chini pamelegea. Yai litadondoka."

"Mbona Njiwa amekisifu?" Mnana akauliza, amenuna.

"Na cha Njiwa umekiona?"

Mnana akaruka kwa hasira kwenda kukiona. Kilikuwa vijiti sita tu, na ukiwa chini ya tawi uliyaona mayai yote mawili. Njiwa, akiwa ameyaatamia, akamwuliza, "Unakionaje changu, jirani?"

Mnana akamwonea haya. "Kizuri mno," akajibu.

Njia nzima maneno hayo yakamrudia masikioni. Aliporudi, alimkuta mchumba wake bado yumo kiotani, anachomoa nyasi.

"Kumbe hukuondoka?"

"Ningekuwa sikitaki, ningekwambia kizuri, nikaenda zangu."

Mnana akaenda kutafuta nyasi nyingine. Alirudi mdomo umejaa, na safari hii hakubisha.