Kifo cha Kipepeo

Asubuhi hiyo Dada Mkubwa aliamka na jambo moja tu kichwani: kumwua Kipepeo. Tena kwa mkono wake mwenyewe.

Kipepeo alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni, kijana mwenye joho la njano na miguu kama njiti za kiberiti. Aliyembuni ni binti mgeni pale ofisini, meza yake ikitazamana na ya Dada Mkubwa. Shujaa wa Dada Mkubwa aliitwa Tetemeko, mwenye kifua kama kabati. Kabla binti hajaja, Tetemeko ndiye aliyekuwa baba wa nyumba. Siku hizi wasomaji wakipiga simu wanauliza Kipepeo anatoka lini.

Kisha mhariri akawakutanisha mashujaa wote wawili katika hadithi moja.

"Wake wenza, jiko moja," alinung'unika Dada Mkubwa.

"Mmoja atakufa mwishoni," mhariri akasema. "Halafu tunaanza mfululizo mpya wa shujaa mmoja tu. Nani afe, malizaneni wenyewe. Mimi nataka wasomaji walie."

Asubuhi hiyo Dada Mkubwa alikuja ofisini amejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Binti hakumpa nafasi.

"Afe wangu, dada."

"Wako?"

"Wangu. Ila mchore wewe. Mimi sina mkono wa kuliza watu."

Dada Mkubwa alikaribia kumwonea huruma. Alikaribia tu. Mtoto mjinga huyu, alijiambia, anakupa kisu na shingo anakushikia.

Mwingine angemchora Kipepeo vibaya kwa wivu. Wivu wa Dada Mkubwa ulikuwa umekwenda shule. Alitaka kila msomaji aone kwamba hata kijana wa yule binti hakuwahi kupendeza mpaka alipopita mikononi mwake. Akaijaza ile miguu. Akampa macho ya mtu anayejua harudi nyumbani. Akaangusha ghorofa zima juu yake, naye Kipepeo akalibeba mgongoni mpaka mtoto wa mwisho alipotambaa nje. Tetemeko alimweka pembeni, amesimama na kabati lake. Haraka ya nini? Mfululizo mzima ulikuwa unamsubiri.

Picha ya mwisho ilikuwa Kipepeo amelala vumbini, amezungushiwa joho lake. Binti alikuja akaitazama muda mrefu.

"Mfunike na uso, dada."

"Na uso?"

"Mviringishe wote, toka juu mpaka chini. Itauma zaidi."

Dada Mkubwa alimviringisha. Kweli, iliuma zaidi. Hata mumewe, ambaye huwa anasoma kurasa za mpira tu, aliuona ukurasa ule akapenga kamasi. "Mama, umemwua mtoto wa watu," akasema.

Kitabu kilitoka. Watu walilia madukani, wakaweka maua kwenye mlango wa ofisi hadi mfagizi akalalamika. Dada Mkubwa aliyaruka yale maua akiwa na gauni la sherehe na viatu vinavyobana, akaenda kuuchukua mfululizo wake.

Ndani, bango la mfululizo mpya lilikuwa ukutani, limefunikwa kitambaa. Binti alisimama karibu yake, macho chini, mikono nyuma, mpole kama paka aliyekwisha kunywa maziwa. Mhariri akakivuta kitambaa.

Ilikuwa picha aliyoichora Dada Mkubwa mwenyewe, mstari kwa mstari: vumbi lile, joho lile la njano, limeviringishwa toka juu mpaka chini. Ila sasa lilikuwa limepasuka utosini, na kwenye upenyo lilichungulia bawa, bado bichi.

Ofisi nzima ilipiga makofi. Dada Mkubwa alisubiri yaishe.

"Na Tetemeko wangu je?"

"Tetemeko?" Mhariri alishangaa. "Kwani naye amekufa?"