Harage kwa Kila Mzunguko

Kuku walimzunguka Francisca kwa matumaini kwamba harage litamponyoka. Akaokota harage jingine kutoka mapajani na kulitia kwenye bakuli la bati. Mumewe alikuwa amepita tena.

Uwanja wa shule pale Bugarama ulifurika watu waliotoka misani. Gidioni alikuwa akiuzunguka kwa baiskeli yake ile ile ya kubebea ndizi, keria na madigadi vimefunguliwa, akifuata mstari uliochorwa kwa majivu. Saa nzima, bila kushusha mguu. Rekodi ilikuwa mizunguko sabini na miwili, ya marehemu Kazimili, na aliyeitaka alipaswa kuipita. Kulingana nayo hakukutosha.

Pale hakuna mashine ya kuhesabu, na kelele za washangiliaji hazina maana, kwa sababu kila ukoo huhesabu unavyopenda. Yanayoaminiwa ni maharage. Mwendesha baiskeli akipita, mkewe anatia harage moja bakulini. Lazima awe mkewe. Wazee walishakubaliana kwamba mke hawezi kumpunja mumewe, na hakuna aliyeona haja ya kulijadili tena. Pembeni yake hukaa shahidi kutoka nyumba ya mwenye rekodi, ambaye haruhusiwi kugusa kitu.

Shahidi wa siku hiyo alikuwa Domisiana, mjane wa Kazimili.

“Shikamoo, mama,” Francisca alikuwa amemwamkia.

“Marahaba, mwanangu.”

Domisiana alikaa kwenye kigoda chake, mikono ameifunika kwa kitenge.

Philbert, mdogo wake Gidioni, alikuja akainama sikioni mwa Francisca.

“Shemeji, mchunge huyo mama. Rekodi ndiyo kitu pekee alichoachiwa na mumewe. Usimwondolee macho.”

“Namwona,” alijibu Francisca.

Alimwona kweli, na alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu. Uwanja mzima ulikuwa ukitazama baiskeli. Domisiana alikuwa akitazama bakuli.

Kwenye kivuli cha darasa, mgeni kutoka mjini aliegemea gari lake. Ndiye aliyemchukua Kazimili mwaka ule alipoweka rekodi. Alimpa jezi na baiskeli nyembamba, akampeleka kushindana kwenye barabara kuu. Mteremkoni, ndani ya msitu wa Biharamulo, lori likakosa breki. Kazimili alirudishwa Bugarama ndani ya sanduku, na jezi imekunjwa vizuri juu yake. Sasa mgeni alikuwa amekuja tena, na begi la Gidioni lilikuwa tayari ndani ya gari.

“Nikiipita, leo leo naondoka,” Gidioni alisema asubuhi, akichekacheka kama mtoto wa kipaimara. “Wewe usikosee tu kuhesabu.”

“Sitakosea.”

Jua lilipanda. Gidioni alianza kuinamia usukani, shati limemganda mgongoni. Alipowapita tu, Francisca akiwa ameshaokota harage lake, tairi la nyuma likateleza kwenye kona ya mikaratusi. Baiskeli ikayumba huku na huku. Watu wakasimama. Francisca alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

Gidioni akajiweka sawa, akaendelea. Watu wakashusha pumzi. Francisca aligeuka, akakutana na macho ya Domisiana, akayakwepa haraka, akarudi kutazama uwanja. Koo lilikuwa limemkauka.

Muda si mrefu Gidioni alipita tena na wingu la vumbi nyuma yake. Francisca akaziba mdomo, akakohoa mpaka mabega yakatikisika.

“Vipi, shemeji?” Philbert aliuliza kwa mbali.

“Vumbi.”

Hatimaye mwalimu Fideli akapuliza filimbi. Akalichukua bakuli, akalimwaga juu ya meza, akaanza kuhesabu kwa sauti huku umati ukihesabu naye. Walipofika sabini, vijana walikuwa wameshaanza kurukaruka.

“Sabini na moja. Sabini na mbili.”

Mkono wa mwalimu ukapapasa meza. Hapakuwa na jingine.

“Imelingana,” alisema. “Haijavunjwa.”

Wapo waliobisha kwamba walihesabu sabini na nne, wapo waliosema sitini na tisa, ndiyo maana watu hawasikilizwi. Gidioni alikuwa amelala kwenye majani, kifua kikipanda na kushuka.

“Nilipita,” alilia. “Jamani, nilipita.”

Mgeni alifungua gari, akalitoa begi, akaliweka chini taratibu. Kisha akaondoka.

Philbert hakungoja gari lipotee. Alimwendea yule mjane, na nusu ya uwanja ikamfuata.

“Mama, fungua mikono.”

Domisiana akasimama, akaifungua. Mitupu. Akakung'uta kitenge chake mbele ya wote, pindo kwa pindo. Wanawake wakampapasa, wakapindua hata kigoda. Hawakupata kitu. Mwishowe lawama ziliwaangukia kuku, wakafukuzwa kwa mawe mpaka nyuma ya vyoo.

Francisca alibaki ameketi palepale. Alitaka kumwambia mumewe pole, lakini sauti haikutoka. Alikohoa, akakohoa tena, machozi yakimtiririka, na watu wakamwacha alie kwa nafasi.

Domisiana alimimina maji kutoka kwenye kidumu, akamletea kikombe, akaketi kando yake na kumpapasa mgongo.

“Kunywa, mwanangu,” alimnong'oneza. “Harage kavu hukwama kooni. Mimi siku ile niliyatia yote bakulini.”