Bado, Mama

"Nilimwona au nimemwona?" mwalimu aliuliza.

Bi Dobi aliiacha pasi hewani, juu ya kola ya shati. "Umetaja siku?"

"Jana."

"Basi nilimwona. *I saw him yesterday*. Jambo limekwisha, tumelifungia mlango." Akashusha pasi, mvuke ukapanda. "Niulize lile la safari."

"Umewahi kusafiri nje ya nchi?"

"*I have never travelled*," alijibu, kidevu juu. Sentensi hiyo aliipenda kuliko zote, maana haikumtaka afikiri. Ilikuwa kweli tupu.

Mwalimu alikuwa mpangaji mwenzake. Bi Dobi humpigia pasi mashati, naye mwalimu humpigia msasa Kiingereza. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe: bibi mzima, mwenye wajukuu, anahangaika na *did* na *have* kama mtoto wa shule! Wacha wacheke. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, na wajukuu wawili hajawahi kuwabeba hata mara moja. Tena mwana mwenyewe ndiye aliyeweka sharti.

"Makaratasi niachie mimi, mama," alimwambia mwaka ule alipokuja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mama yake. "Wewe shika Kiingereza. Wale wahoji wa ubalozini hawana huruma. Ukichanganya nyakati tu, wanakurudisha."

Kila Jumapili akawa anampima kwa simu. Na kila Jumapili jibu lilikuwa moja.

"Umekosea tena. Bado, mama."

Nyuma ya sauti yake watoto walipiga kelele, na mtu mzima akawa anawaimbia wimbo wa kubembeleza, kwa Kiswahili.

"Nani huyo anaimba?"

"Redio, mama."

Siku moja mwalimu alisikiliza mtihani huo mwanzo hadi mwisho. Simu ilipokatika akakuna kichwa. "Mama, lakini hapo hukukosea."

"Usimseme mwanangu," Bi Dobi alimkata kauli. "Anataka niive."

Alitamani angekuwa na wa kumlilia. Zamani alikuwa na mkwewe, mama wa mke wa mwanawe, wakipikiana chai na kuwateta watoto wao. Lakini huyo naye walisema amehamia kwa dada yake, mbali huko, na simu hapokei. Hata kuaga hakuaga.

Mwishowe neno "bado" lilimchosha. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mbivu nazo huoza. Akamwomba mwalimu amsaidie kuomba viza mwenyewe, kimyakimya.

"Tumwambie mwanao?"

"Thubutu! Nataka afungue mlango anikute nimesimama. Nione atasema bado gani."

Siku ya mahojiano alivaa gauni lililonyooka hata inzi angeteleza. Mhoji alikuwa kijana mpole, nyuma ya kioo. Mwanao alizaliwa lini? Aliondoka lini? Umefanya kazi hii kwa muda gani? Bi Dobi alijibu moja baada ya moja, lililokwisha akalifunga, linaloendelea akaliacha wazi.

"Kiingereza chako kizuri sana, mama," mhoji alisema.

Moyo wake ukawa mweupe. Kumbe ameiva! Hata machozi yalimlenga kidogo, akayarudisha.

"Umewahi kusafiri nje ya nchi?"

"*I have never travelled, sir.*"

Mhoji aliacha kuchapa. Alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akaitazama tena kompyuta. Kisha akaiacha lugha yake, akasema kwa Kiswahili cha polepole.

"Mama, hapa inaonyesha uliingia nchini kwetu mwaka juzi. Unaishi kwa mwanao. Hujatoka."

Akamgeuzia kompyuta aone. Jina lilikuwa lake. Tarehe ya kuzaliwa yake. Aliyemdhamini ni mwanawe. Na kwenye picha, mkwewe, yule waliyekuwa wakipikiana chai, alikuwa akitabasamu, kichwani kilemba ambacho Bi Dobi alikipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe.

Uchungu ulimpanda kutoka tumboni, na ule wa kumzaa yule mtoto haukuufikia huu.

"Unamfahamu huyu?" mhoji aliuliza. Sasa upole ulikuwa umemtoka, na mkono wake ulikuwa juu ya simu. "Fikiri kabla hujajibu. Kama kuna udanganyifu, mwanao atafungwa."

Bi Dobi aliinua kidevu.

"Namfahamu," alisema. "Ndiye mama yake."