Kikao cha Sauna

Ilkka alipekua chumba chake cha hoteli: chini ya meza, nyuma ya pazia, hata ndani ya taa. Hakuna kinasa sauti. Sasa Waswidi walijuaje? Juzi waliwachapa vijana wake wa timu ya Finland ya magongo ya barafuni mabao matano kwa bila, hapa hapa nyumbani Tampere, kana kwamba mbinu zake walizitunga wao.

"Kuna mtu anatuuza," alimwambia msaidizi wake, Pertti. "Na namjua. Joakim."

"Kisa mama yake anaishi Stockholm? Acha hizo, Ilkka."

"Kila jioni yuko kwenye simu, Kiswidi tupu. Anaongea na nani?"

"Na mama yake!"

Wapi! Ilkka hakusikia la mtu. Fainali ilikuwa dhidi ya Waswidi haohao, waliolala hoteli moja nao, na akifungwa tena, ukocha ndiyo basi.

Kikao cha mbinu kilikuwa palepale pa siku zote, sauna ya hoteli, chumba cha kuogea mvuke. Hakuna simu, hakuna karatasi, wote uchi wa mnyama. Kinasa mtu atakificha wapi? Safari hii Joakim aliachwa nje.

"Kocha, nimekosa nini?" Machozi yalimlengalenga. "Babu yangu ametoka Oulu kuja kuniona nikicheza."

"Atakuona benchi. Na sababu unaijua."

Ndani, benchi la juu, alikuwepo yule mzee mpole waliyemkuta humo kila siku.

"Mzee wetu, ongeza maji kidogo."

"Haya, wanangu." Kifini chake kilikuwa na lafudhi ya Wafini wa pwani. Akamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukapanda, na Ilkka akaeleza yote: kisahani cha mchezo kirudishwe nyuma, kisha kipigwe ghafla kushoto, kwa Eetu.

"Nzuri hiyo," mzee akasifu.

Fainali ikaanza. Kisahani kikarudi nyuma, kikapigwa kushoto. Waswidi wawili walikuwa wameshasimama pale, wanakisubiri. Wakakinyakua, bao! Vijana wa Ilkka wakajaribu tena. Bao la pili.

Ilkka akageuka kumtazama Joakim, aliyejiinamia benchi, gongo mapajani. Kijana yule hakusikia hata neno moja la mbinu ile. Ilkka akaona aibu hadi masikio yakamuwaka.

Akainua macho kuelekea benchi la wapinzani. Katikati ya makocha wao, ndani ya koti la njano la Sweden, alisimama yule mzee mpole. Ilikuwa mara ya kwanza Ilkka kumwona amevaa nguo.